Njia nne za kumpata mbunge: ipi ingeifaa Nakuru na Kisumu?

Kila mara mjadala wa kubadilisha Katiba unaporejea nchini Kenya, mazungumzo hugeukia vyeo: kama kuwe na waziri mkuu, nani awe kiongozi rasmi wa upinzani, na kaunti zipewe fedha kiasi gani. Swali la jinsi kura inavyogeuzwa kuwa kiti cha Bunge huachwa nyuma, ilhali ndilo linaloamua ni nani atakayeketi mahali ambapo hayo mengine yote hupitishwa. Makala hii inalinganisha njia nne zinazotumiwa duniani kuwachagua wabunge, na inamlenga msomaji wa Nakuru, Kisumu, Kakamega au Bungoma ambaye siku moja huenda akaulizwa maoni yake katika kikao cha kushirikisha umma. Uchaguzi wa rais nimeuweka kando, kwa sababu kanuni yake ya kupata zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 ni mada inayojitegemea.

Ili kila njia ipimwe kwa mizani ile ile, nitatumia mfano mmoja wa kubuni. Kaunti ya Nakuru ina maeneobunge 11. Tuseme vyama vitatu vimegawana kura kwa asilimia 45, 30 na 25, na mgawanyo huo haubadiliki kutoka Molo hadi Naivasha. Siasa halisi haijipangi kwa usawa namna hiyo, lakini mfano huu unaonyesha wazi kila njia inawafanyia nini wananchi wale wale.

Njia tuliyonayo: kiti kimoja, mshindi mmoja

Mkenya anayefika kituoni hupewa karatasi sita za rangi tofauti: nyeupe ya rais, samawati ya gavana, manjano ya seneta, kijani ya mbunge, zambarau ya mwakilishi wa wanawake na krimu ya mwakilishi wa wadi. Tunayoizungumzia hapa ni ile ya kijani. Anayeongoza katika eneobunge huchukua kiti hata kama walio wengi hawakumpa kura, na wa pili hapati kitu. Katika mfano wetu, chama cha asilimia 45 hushinda viti vyote 11, na wapigakura asilimia 55 waliobaki hukaa miaka mitano bila mbunge hata mmoja waliyemchagua.

Uingereza, ambako tuliirithi njia hii, ilitoa mfano mkubwa mwaka 2024: chama cha Labour kilipata takriban asilimia 34 ya kura na kuchukua zaidi ya viti 400 kati ya 650, huku Reform UK ikipata zaidi ya asilimia 14 ya kura na kuambulia viti 5.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba ugonjwa wa Uingereza ndio wetu. Mwaka 2022 kura za urais nchini Kenya ziligawanyika asilimia 50.49 kwa 48.85, na Bunge la Taifa nalo likagawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya miungano miwili mikubwa. Kitaifa, vyama vyetu hufidiana, kwa kuwa kila kimoja kina ngome yake na kinachopotezwa huku hupatikana kule. Dhuluma yetu iko chini, ndani ya kaunti. Mpigakura wa Kisumu asiyekipenda chama kinachotawala Nyanza, na mwenzake wa ngome za Bonde la Ufa au Mlima Kenya asiyefuata wimbi la kwao, wote wawili hupiga kura wakijua mapema kwamba haitamchagua mbunge. Eneo zima huonekana kwenye ramani kuwa la rangi moja, kana kwamba hakuna mtu anayeishi pale mwenye mawazo tofauti.

Matokeo ya pili ya ugonjwa huo ni kwamba uchaguzi wenyewe huhamia kwenye kura za mchujo, ambazo chama huzitumia kumpata mgombea wake. Katika ngome, mwenye tiketi ya chama ameshapita, hasa wito wa kupiga kura kwa mtindo wa suti, yaani kuwachagua wagombea wa chama kimoja kwenye karatasi zote sita, unapotolewa kutoka jukwaa la mgombea urais. Wakenya wa magharibi wanazifahamu vizuri kura hizo: sajili zisizoaminika, vituo vinavyofunguliwa jua likiwa limepanda, kisha tiketi ya moja kwa moja kutolewa Nairobi kwa mtu ambaye hakushindana na yeyote. Uamuzi mzito wa wananchi hufanyika mahali ambapo sheria ina mkono dhaifu kuliko kwingine kote.

Kuna jambo la tatu, nami nalipa uzito kuliko mengine. Pale kiti kimoja kinapomwendea mshindi mmoja, kuwafukuza wapigakura elfu chache kutoka kwenye mashamba yao kunaweza kubadilisha jina la mbunge. Wakazi wa Molo na sehemu za jirani waliishi chini ya kivuli hicho mwaka 1992 na tena mwaka 1997, na Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilipohesabu waliouawa ilipata watu 1,133, huku mamia ya maelfu wakiwa wamehama makwao. Sidai kwamba njia ya kuhesabu kura ndiyo iliyoua watu. Nasema tu kwamba njia hii humpa mchochezi zawadi kubwa kwa kazi ndogo, na nchi yenye historia kama yetu inapaswa kulipima hilo.

Njia hii ina wema wake pia, na si mdogo. Mwananchi anamjua mbunge wake kwa jina na anajua ofisi yake iliko. Mzazi anayetafuta basari ya mtoto kutoka kwenye hazina ya maendeleo ya eneobunge, NG-CDF, anajua mlango wa kubisha. Tena mwananchi anaweza kukikatalia chama chake: mwaka 2017 wapigakura wa Kisumu Mashariki, katikati ya ngome, walimchagua mgombea huru. Nakuru nayo imeonyesha kwamba kiti kimoja hakiwafungii wanawake mlango kabisa, kwani mwaka 2022 ilichagua gavana mwanamke, seneta mwanamke na wabunge wanawake katika maeneobunge manne kati ya 11. Lakini hiyo ilikuwa Nakuru. Nchini kote wanawake waliopata viti vya maeneobunge walikuwa 16 mwaka 2013, 23 mwaka 2017 na 29 mwaka 2022, kati ya viti 290. Kwa mwendo huo, kanuni ya Katiba kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili haitafikiwa karibuni kupitia viti hivyo.

Orodha iliyofungwa: Afrika Kusini

Tangu mwaka 1994, wabunge 400 wa Afrika Kusini huchaguliwa kwa uwiano. Mpigakura hutia alama kwenye chama, chama hupata viti kulingana na kura zake, na majina huchukuliwa kutoka juu ya orodha ambayo chama chenyewe kiliipanga. Hakuna kizingiti cha kisheria, yaani kiwango cha chini cha kura ambacho chama lazima kifikishe, kwa hiyo hata chama chenye sehemu ndogo mno ya kura huingia Bungeni. Kwa mfano wetu wa Nakuru, mgao wa viti 11 ungekuwa 5, 3 na 3.

Usahihi wake hauna mpinzani. Chama cha ANC kilipoporomoka hadi asilimia 40 ya kura mwaka 2024, kilipata viti 159 kati ya 400, yaani karibu kile kile wananchi walichokipa, na kikalazimika kutafuta washirika wa kuunda serikali. Wanawake ni zaidi ya asilimia 40 ya Bunge hilo, jambo linalotokana kwa kiasi kikubwa na vyama kuamua kuwaweka juu kwenye orodha. Anayeiona kanuni ya jinsia kuwa jambo la kwanza na la haraka hatapata chombo chepesi kuliko orodha ambamo mwanamume na mwanamke hupangwa kwa zamu.

Gharama yake ni kwamba mbunge anakuwa mali ya aliyepanga orodha. Mwanachama akifukuzwa chamani anapoteza kiti, na mwananchi wa kijiji fulani hawezi kusema kwa uhakika ni nani kati ya wale 400 anayemwakilisha. Wagombea huru hawakuruhusiwa kabisa hadi Mahakama ya Katiba ilipoamua mwaka 2020 kwamba kuwanyima nafasi kunakiuka haki zao. Walishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 2024, na hakuna aliyepita.

Sisi tunayo ladha ya njia hii tayari. Viti 12 vya kuteuliwa katika Bunge la Taifa, pamoja na vile vya Seneti na mabunge ya kaunti, hugawiwa kwa orodha za vyama chini ya kifungu cha 90 cha Katiba. Nia yake ilikuwa kuwaingiza vijana, watu wenye ulemavu, wafanyakazi na jamii ndogo. Lakini kila baada ya uchaguzi hufuata malalamiko na kesi kuhusu jamaa na marafiki wa wakubwa walioonekana kwenye orodha hizo. Kuipa orodha ya aina hiyo viti vyote 290 kungekuwa kuzihamisha kura za mchujo kutoka uwanjani hadi chumba cha ndani, na hapo hata ule mlango wa mgombea huru uliofunguka Kisumu Mashariki ungezibwa.

Mfumo mseto: Lesotho ilivyofika hapo, na ilivyochezewa

Njia ya tatu huchanganya hizo mbili. Kila eneo huchagua mbunge wake, kisha viti vya orodha huongezwa ili jumla ya kila chama ikaribiane na sehemu yake ya kura. Ujerumani ndiyo inayotajwa sana, na New Zealand iliihamia mwaka 1996 baada ya wananchi kuamua kwa kura ya maoni. Kwa Mwafrika, hata hivyo, somo lenye manufaa zaidi liko Lesotho, na tume ya Katiba iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai iliupendekezea Kenya mfumo wa namna hii katika rasimu yake ya mwaka 2002.

Mwaka 1998 Lesotho ilitumia njia kama yetu. Chama cha LCD kilipata kiasi cha asilimia 60 ya kura na kuchukua viti 79 kati ya 80. Chama cha BNP, kilichopata karibu robo ya kura, kiliambulia kiti kimoja. Maandamano yakaanza, Septemba majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia nchini, na katikati ya mji wa Maseru maduka yakaporwa na kuteketezwa. Baada ya hapo vyama viliketi na kukubaliana kuviacha viti 80 vya maeneo na kuongeza 40 vya fidia. Katika uchaguzi wa mwaka 2002 LCD ilishinda tena karibu maeneo yote, lakini BNP ilipata viti 21 vya orodha na ikawa na sauti ndani ya ukumbi badala ya barabarani. Hiyo ni tofauti ambayo mtu wa Kisumu au Nakuru ataielewa bila kuelezwa zaidi.

Kisha vyama vikagundua upenyo. Mwaka 2007 mpigakura alikuwa na kura mbili, moja ya mtu na moja ya chama. LCD ilishindania maeneo, kisha ikawaomba wafuasi wake waipe kura ya chama NIP, chama rafiki kidogo. Hesabu ya fidia ikaiona NIP kuwa chama kisicho na eneo hata moja na kukipa viti 21. Wapinzani wakubwa nao walifanya mapatano yanayofanana na hayo. Fidia iliyokusudiwa kumlinda mdogo ikageuka kuwa nyongeza ya mkubwa. Sheria ya mwaka 2011 ilirekebisha hilo kwa kumpa mpigakura kura moja tu inayohesabiwa mara mbili, na mwaka 2012 serikali iliyokuwa madarakani ilishindwa kuunda wingi na kukabidhi mamlaka kwa amani kwa muungano wa Tom Thabane. Hata hivyo, miungano iliyofuata haikudumu, na nchi ikarudi kupiga kura mwaka 2015 na tena 2017.

Turudi Nakuru. Tukibakisha maeneo 11 na kuongeza viti vinne tu vya orodha, mgao unakuwa 11, 2 na 2, na chama cha asilimia 45 kinaendelea kushika karibu robo tatu ya viti. Tukiongeza viti 11, mgao unakuwa 11, 6 na 5, ambao ni wa haki, lakini idadi ya wabunge imeongezeka maradufu. Huo ndio ugumu wa mfumo mseto: fidia ndogo haifidii, na fidia ya kutosha ina bei. Ujerumani, iliyowahi kuwa na Bunge la watu zaidi ya 730 kwa sababu ya hesabu hizo, iliamua kuweka kikomo cha viti 630. Matokeo yake, mwaka 2025 washindi 23 wa maeneo waliambiwa kwamba vyama vyao havikuwa na kura za kutosha kuwapa nafasi. Jaribu kuwaza tangazo la namna hiyo likisomwa Kondele kule Kisumu au Bondeni kule Nakuru, mbele ya watu waliokesha wakilinda kura.

Orodha iliyo wazi: Ufini

Njia ya nne haizungumzwi sana Afrika Mashariki, nami naona inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko zote. Ufini huchagua wabunge 200 kutoka wilaya 13 za uchaguzi. Kila wilaya ya bara hutoa wabunge kadhaa, na ile ya Lapland kaskazini hutoa kama sita. Mpigakura huingia nyuma ya kizuizi ambako orodha ya wagombea na namba zao imebandikwa, huchukua kalamu na kuandika ndani ya duara namba ya mtu mmoja anayemtaka. Afisa hugonga muhuri mgongoni mwa karatasi, na kura huingia sandukuni. Kura hiyo moja hufanya kazi mbili: inahesabiwa kwanza kwa chama, ili kujua chama kipate viti vingapi, kisha kwa mtu, ili kujua ni nani ndani ya chama avikalie. Ofisi ya chama haipangi nani awe wa kwanza. Wananchi ndio wanaopanga, siku ile ile ya uchaguzi mkuu, chini ya sheria ile ile na mbele ya mawakala wote.

Hapo ndipo napaona panafaa kwetu. Nakuru yenye viti 11 na Kisumu yenye viti 7 zinalingana kwa ukubwa na wilaya za Ufini. Kaunti ingekuwa eneo moja la uchaguzi, bila kuongeza mbunge hata mmoja. Mfano wetu wa Nakuru unatoa 5, 3 na 3. Kwa Kisumu, tuseme chama kinachotawala kimepata asilimia 75, wa pili asilimia 15 na wa tatu 10. Kwa hesabu ya Ufini mgao ungekuwa viti 6 kwa 1. Chama kikubwa hakinyang'anywi haki yake, lakini mtu mmoja kutoka upande mwingine anaingia Bungeni kwa jina la Kisumu, na wafuasi wa chama kikubwa wanachagua wenyewe wale sita bila kungoja tiketi kutoka Nairobi. Kura za mchujo zinapoteza uzito, kwa kuwa chama kinaweza kuwasimamisha wagombea wengi na kuwaachia wananchi waamue. Mchochezi naye anapungukiwa na faida: kuwahamisha watu elfu chache kutoka kona moja ya kaunti hakumpi mtu ushindi wote, hata kama kunaathiri hesabu.

Kuna faida nyingine ya kiutendaji. Katiba inataka mipaka ya maeneobunge ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi 12. Mapitio ya mwisho yalikamilika Machi 2012, na muda wa yaliyofuata ulipita Machi 2024 bila kazi kufanyika. Naivasha ina zaidi ya watu 350,000 na mbunge mmoja, sawa na Lamu Mashariki yenye watu wasiofika 30,000. Kaunti ikiwa ndiyo eneo la uchaguzi, hakuna mstari wa kuchora kati ya kijiji na kijiji. Inatosha kugawa viti upya kwa kaunti kufuatana na sensa, jambo ambalo bado litakuwa na mvutano, lakini halitawagombanisha majirani juu ya mpaka unaopita katikati ya soko.

Kasoro zake ni za kweli. Kampeni ya kaunti nzima, kutoka Kuresoi hadi Naivasha, ni ghali, na mwenye fedha atafika mbali kuliko mwalimu au muuguzi anayejulikana wadi moja tu. Wagombea wa chama kimoja hupigana wenyewe kwa wenyewe. Mtu maarufu anaweza kuwabeba wengine wasiojulikana: nchini Brazil, inayotumia orodha wazi pia, mchekeshaji Tiririca alipata zaidi ya kura milioni moja jijini na jimboni São Paulo mwaka 2010 na kuwaingiza wenzake kwa kura zake. Wala orodha wazi haiwahakikishii wanawake chochote. Ufini ilichagua wanawake 92 kati ya 200 mwaka 2023, lakini ni nchi iliyowapa wanawake haki ya kugombea tangu mwaka 1906, ilhali Brazil mwaka 2022 ilichagua 91 kati ya 513.

Kuchagua kati ya hizi nne

Anayemthamini zaidi mbunge wa karibu na ofisi ya basari iliyo umbali wa kutembea kwa miguu ana sababu nzuri ya kubaki na njia ya sasa, na nguvu zake azielekeze kwenye sheria ya kura za mchujo, ambayo inaweza kurekebishwa bila kugusa Katiba. Anayetaka theluthi ya wanawake katika uchaguzi mmoja tu, na yuko tayari kuvipa vyama mamlaka makubwa, achague orodha iliyofungwa. Mfumo mseto unamfaa anayetaka vyote viwili na asiyeogopa Bunge kubwa, mradi asisahau kilichotokea Lesotho mwaka 2007 na adai kura moja badala ya mbili.

Mimi, kama mkazi wa kaunti iliyochanganyika jamii nyingi na iliyoumizwa na siasa ya mshindi kuchukua vyote, nachagua orodha wazi kwa kaunti, pamoja na sharti kwamba kila chama kisimamishe wagombea wa jinsia zote mbili kwa idadi sawa, na kikomo cha matumizi ya kampeni kinachofuatiliwa kikweli. Vilevile viti 47 vya wawakilishi wa wanawake vibaki hadi idadi ijisimamie yenyewe. Hili linahitaji kubadilisha kifungu cha 97 cha Katiba, kinachosema wazi kwamba wabunge 290 watachaguliwa kila mmoja katika eneo la mbunge mmoja, kwa hiyo si jambo la kupitishwa haraka.

Pingamizi ninalolisikia mara kwa mara ni kwamba njia hii haiwezi kufanya kazi katika kaunti kama Lamu au Isiolo, zenye maeneobunge mawili tu kila moja, kwa kuwa viti viwili haviwezi kugawanywa kwa uwiano wa maana. Ni kweli haviwezi. Lakini hakuna sheria ya maumbile inayotaka nchi nzima itumie njia moja. Ufini yenyewe ina visiwa vya Åland, vyenye watu wachache na lugha yao ya Kiswidi, na huko humchagua mbunge mmoja tu katika eneo moja, huku wilaya nyingine 12 zikitumia uwiano. Lamu na Isiolo zinaweza kubaki na maeneobunge yao kama yalivyo, na Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma zikaanza.